Bwawa Lililotelekezwa Nyuma ya Nyumba: Ulifufue, Ulipunguze au Ulifukie?

Mtu akihamia nyumba ya zamani na kukuta nyuma kuna bwawa limejaa tope na majani, kwa kawaida husema moja kati ya mambo mawili: "Nitalifukia," au "Nitalisafisha liwe zuri tena." Mimi nimeyasema yote mawili kwa nyakati tofauti, kwa mabwawa mawili tofauti, na kote ilinibidi kuirudia kazi. La kwanza nililifukia bila kuitoboa sakafu yake. Masika yalipoingia pakawa kinamasi, na mche wa mti nilioupanda pale ukaoza mizizi. La pili nililisafisha mpaka chini ikaonekana, nikatia samaki, na baada ya miezi minane likarudi kama nilivyolikuta, kwa kuwa sikujiuliza tangu mwanzo nani atakuwa anaopoa majani kila wiki.

Tangu hapo nina swali moja ninalomuuliza kila anayeniomba ushauri: bwawa hili lilikufaje? Lilipasuka? Chanzo chake cha maji kilikauka? Au aliyekuwa akilitunza alihama, akazeeka, akachoka? Mara nyingi jibu ni hili la mwisho. Bwawa lililojengwa vizuri kabisa likikosa mtu wa kulihudumia linajaa tope. Kwa hiyo uamuzi wako hautegemei tu hali ya zege na maji, unategemea pia saa ulizo nazo. Hatua zifuatazo zimepangwa ili ufike kwenye uamuzi huo ukiwa umeshalijua bwawa lako.

Hatua ya 1: Lizungushie uzio leo

Kabla ya kupima wala kupanga chochote, hakikisha mtoto hawezi kulifikia. Mtoto mdogo anaweza kufa maji kwenye kina cha sentimita 5 tu, kwa sababu akianguka kifudifudi hawezi kujiinua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Tena bwawa lililotelekezwa ni la hatari kuliko lililo safi: majani yaliyotanda juu ya maji hulifanya lionekane kama uwanja wa nyasi, na mtoto hukanyaga akidhani ni nchi kavu.

Weka uzio wa mabati, miti au wavu wa waya wenye kimo cha angalau mita 1.2, usio na mahali pa kukanyaga na kupanda. Usitegemee mbao zilizolazwa juu ya maji. Huoza upande wa chini, na ukiziangalia kwa juu zinaonekana nzima. Wavu mwepesi wa kuzuia ndege nao haufai, kwa sababu mtoto akiuangukia hulegea na kumnasa ndani ya maji.

Ukiona waya wowote wa umeme unaoelekea majini, labda wa pampu ya zamani au taa, zima umeme kwenye swichi kuu ya nyumba na mwite fundi umeme auondoe. Usiuvute mwenyewe hata kama umeambiwa haufanyi kazi.

Hatua ya 2: Hakikisha ni bwawa kweli

Chukua upondo au fito ndefu, simama mahali imara, uchokoe chini sehemu mbalimbali. Bwawa la kawaida la nyuma ya nyumba lina kina cha nusu mita hadi mita moja na nusu, na kingo zake mara nyingi zina mteremko au vidato. Fito ikizama yote bila kugusa chini, na kuta zikawa wima kabisa, huenda hicho ni kisima cha zamani, tangi la maji ya mvua, au shimo la maji taka lililoporomoka mfuniko. Hapo simama. Usiingie, usimtume mtu aingie.

Sababu ni hewa. Tope linalooza bila oksijeni hutoa gesi, mojawapo ikiwa hidrojeni salfaidi, ile inayonuka kama yai viza. Kwenye bwawa pana lililo wazi gesi hiyo hupeperuka. Kwenye shimo jembamba na refu hukaa chini. Ikiwa nyingi hulemaza uwezo wa kunusa, hivyo harufu hutoweka na mtu akadhani hatari imekwisha. Watu hufa hivi wawili wawili na watatu watatu: mmoja anazimia, wa pili anaingia kumwokoa. Shimo la namna hiyo ni kazi ya mafundi wenye vifaa.

Jambo lingine la kuhakikisha ni maji yenyewe yanatoka wapi. Wakati wa kiangazi, punguza maji kwa ndoo au pampu kiasi cha sentimita 20, kisha angalia kesho yake. Kama kina kimepanda tena na hakukuwa na mvua wala bomba linalovuja, maji yanatoka ardhini: ni chemchemi, au maji ya chini ya ardhi yako karibu sana na uso wa nchi. Bwawa la aina hii usilifukie. Maji hayatakubali kufukiwa. Yatatafuta njia nyingine, na njia hiyo yaweza kuwa chini ya msingi wa nyumba. Tena nchi nyingi zina sheria za kulinda chemchemi na ardhi oevu, hivyo uliza ofisi ya maji au mazingira kabla ya kugusa chochote. Na kama nyumba umepanga, pata idhini ya mwenye nyumba kwa maandishi.

Hatua ya 3: Pima

Hapa usikadirie kwa macho, maana macho hudanganya sana kwenye maji. Pima urefu, upana, na kina katika sehemu tano au sita, kisha tafuta kina cha wastani. Zidisha vitatu hivyo kwa mita, jibu uzidishe kwa 1,000, utapata lita. Bwawa la mita 4 kwa 3 lenye kina cha wastani cha mita 0.8 lina lita 9,600, yaani ndoo 480 za lita 20. La mviringo: nusu ya kipenyo ijizidishe yenyewe, zidisha kwa 3.14, kisha kwa kina, kisha kwa 1,000.

Pima pia unene wa tope. Fito ikigusa juu ya tope weka alama, isukume mpaka igote sakafu, weka alama ya pili. Sentimita 20 za tope zinaonekana chache, lakini kwenye bwawa la mfano wetu ni ndoo 120 za kubeba, na tope lililolowa ni zito kuliko maji.

Andika tarakimu hizi. Ndizo zitakazokuambia ukweli baadaye.

Hatua ya 4: Tazama kinachoishi humo

Hatua hii ndiyo ninayoipenda, na ndiyo watu wanaoiruka. Kaa kando ya bwawa nusu saa asubuhi, na nusu saa nyingine usiku ukiwa na tochi. Chota maji kwa bakuli jeupe uangalie kilichomo.

Kiswahili kinatumia neno viluwiluwi kwa watoto wa mbu na kwa watoto wa chura vilevile, lakini ukivitazama huwezi kuvichanganya. Vya chura vina kichwa cha duara na mkia, na huogelea katikati ya maji au kukwangua mwani kwenye mawe. Vya mbu ni vyembamba, hukaa kwenye uso wa maji kuvuta hewa, na ukipitisha kivuli cha mkono huzama vikijipindapinda. Vinavyoning'inia kichwa chini, mkia juu, ni vya mbu wa aina ya Culex au Aedes. Vinavyolala sambamba na uso wa maji ni vya Anopheles, mbu wa malaria. Ukiviona hivyo, usisubiri uamuzi wa mwisho, vishughulikie wiki hiihii, kwa sababu kwenye joto mbu huweza kutoka yai hadi kuruka ndani ya siku 7 hadi 10 hivi.

Dawa ninayoiamini kwa maji yaliyosimama ni ile yenye bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis israelensis. Aligunduliwa mwaka 1976 katika kidimbwi cha maji yaliyotuama kwenye jangwa la Negev, Israeli, mahali palipokutwa viluwiluwi vya mbu vikiwa vimekufa kwa wingi. Sumu yake hudhuru mbu na jamaa zao wa karibu tu, na kiluwiluwi lazima aimeze ndipo imdhuru. Chura, samaki na kereng'ende hawaguswi. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na urudie kama ilivyoelekezwa kwa sababu nguvu yake huisha haraka. Usimwage oili chafu wala dizeli. Najua wapo wanaofanya hivyo na mbu kweli hufa, lakini na kila kitu kingine hufa, na udongo wa chini huharibika kwa miaka.

Kereng'ende wakiwepo, hiyo ni habari njema, kwa kuwa watoto wao huishi majini na ni wawindaji wakali wa viluwiluwi vya mbu. Vyura nao ni ishara kwamba maji hayana sumu kubwa. Konokono wa majini wanahitaji tahadhari: katika maeneo yenye kichocho, baadhi yao hubeba vimelea vyake, na kinga ni kutogusa maji kwa ngozi tupu. Panya wakionekana kandokando, fahamu kwamba mkojo wao unaweza kuwa na vijidudu vya homa ya mgunda, ambavyo hupenya kwenye michubuko. Kwa yote haya, buti ndefu za mpira, glavu ndefu na plasta juu ya kila kidonda. Na nyoka hupenda mahali penye vyura. Piga kingo kwa fimbo kabla ya kuingiza mkono kwenye majani.

Hatua ya 5: Jaribu kama linavuja

Bwawa linapopungua maji kila mtu husema linavuja. Huenda jua tu linayanywa. Njia ya kutofautisha ni rahisi. Tia maji ya bwawa kwenye ndoo, iweke juu ya jiwe ndani ya bwawa ili izamie nusu, kisha weka alama mbili: kina cha maji ndani ya ndoo na kina cha maji nje yake. Acha saa 24 siku isiyo na mvua. Ikiwa vyote vimeshuka sawa, ni jua na upepo. Ikiwa nje kumeshuka zaidi, kuna ufa au tundu, na tofauti kati ya kilichoshuka nje na kilichoshuka ndani ndiyo maji yanayovuja kwa siku.

Kama linavuja, usianze kupiga plasta kila mahali. Acha maji yashuke yenyewe mpaka yakome. Mahali yanapokoma ndipo lilipo tundu, kwenye mstari uleule kuzunguka ukuta. Pitia mstari huo taratibu, na penye shaka dondosha tone la maziwa au rangi ya chakula majini karibu na ukuta. Maji yakiwa yametulia, utaona rangi ikivutwa kuelekea kwenye ufa kama moshi unaotafuta dirisha. Yakikoma karibu na juu, umebahatika. Yakiisha yote, tatizo liko sakafuni, na hapo huwezi kujua kitu mpaka tope liondoke.

Kagua pia mizizi. Mti uliosimama mita moja au mbili kutoka kwenye ukingo umeshaingiza mizizi chini ya zege, na ufa utakaouziba leo utafunguka tena. Kati ya mti mkubwa na bwawa bovu, mimi ningeubakiza mti.

Hatua ya 6: Amua

Sasa chukua karatasi yenye vipimo, na ujibu maswali haya kwa ukweli kama unavyojibu daktari. Je, kuna mtoto wa chini ya miaka 5 anayeishi hapo au anayekuja mara kwa mara? Kila wiki unaweza kulitengea bwawa muda gani, hata wiki uliyochoka? Maji ya kuongezea yatatoka wapi wakati wa ukame? Na utakaposafiri mwezi mzima, nani atalitazama?

Bwawa la samaki linahitaji saa 2 au 3 kwa wiki, kila wiki: kuopoa majani, kuosha chujio, kupima maji, kulisha, kutazama. Bwawa dogo la mimea na vyura bila samaki linahitaji usafi mkubwa mara moja au mbili kwa mwaka na dakika chache katikati. Bustani tepetevu, yaani shimo la bwawa lililojazwa udongo na kupandwa mimea ya kinamasi ili linywe maji ya mvua, inahitaji kupaliliwa tu. Palipofukiwa hapahitaji kitu, isipokuwa ile kazi ya mara moja.

Kama kuna mtoto mdogo na huwezi kuweka uzio wa kudumu wenye lango linalojifunga, usifufue bwawa. Hili silijadili. Kama linavuja sakafuni na huna uhakika wa maji kiangazi, ligeuze bustani. Kama halivuji, lina vyura na kereng'ende, na una muda kidogo, libakize na maji lakini bila samaki. Samaki waje tu kwa mtu mwenye muda na hamu, kwa sababu ni viumbe hai na hawakuomba kuletwa.

Ukiamua kulifufua

Chagua wakati ambao viluwiluwi vya chura vimeshatoka majini, na wakati maji ya chini ya ardhi yako chini. Bwawa lililokamuliwa maji katikati ya mvua nyingi linaweza kusukumwa juu na maji ya ardhini; la plastiki ngumu huelea kama mtumbwi, na la zege hupasuka.

Samaki waliomo wavue kwanza, kabla ya kulitibua tope. Ukilitibua wakiwa ndani, oksijeni hukatika na wanakufa ndani ya muda mfupi. Waweke kwenye chombo kipana chenye maji yaleyale ya bwawa, kivulini, kikiwa kimefunikwa wavu. Wasiohitajika wape mfugaji mwingine. Usiwamwage mtoni wala ziwani. Samaki wadogo waitwao Gambusia walisambazwa sehemu nyingi za dunia katika karne ya 20 ili wale viluwiluwi vya mbu, na sasa wanahesabiwa wavamizi, kwa kuwa hula pia mayai ya samaki wengine na watoto wa vyura. Mimea ni vivyo hivyo: gugumaji lilitoka Amerika ya Kusini, likasafirishwa kwa sababu ya ua lake zuri la kupamba madimbwi, na limeziba maziwa na mito ya mabara kadhaa. Likiwamo kwenye bwawa lako, lianike mbali na maji mpaka likauke kabisa, kisha lifanye mboji.

Maji yamwagie kwenye miti na nyasi kidogo kidogo, mbali na msingi wa nyumba, mbali na kisima na mbali na kiwanja cha jirani. Tope lilaze kando ya bwawa siku moja au mbili kabla ya kulibeba ili wadudu na konokono warudi majini. Lililokauka ni mbolea nzuri ya miti na maua. Usilitumie hivyo kama bwawa lilikuwa likipokea maji ya gereji, ya kufulia au ya choo.

Usisugue kila kitu mpaka king'ae, kosa nililolifanya mimi. Utelezi wa kahawia kwenye mawe una bakteria wanaosafisha maji. Acha sehemu ya mawe kama yalivyo, acha ndoo chache za tope, na punguza theluthi tu ya mimea kwa mara moja.

Nyufa zitanue kwa patasi mpaka ufikie zege zima, lowesha, kisha ziba kwa saruji iliyochanganywa na dawa ya kuzuia maji. Saruji mpya hutoa chokaa inayofanya maji yawe makali kwa samaki, hivyo jaza, acha wiki moja, mwaga, na urudie mara mbili au tatu. Nyufa zikiwa nyingi, ni nafuu kutandika turubai zito la bwawa juu ya zege. Kukata turubai: urefu wa bwawa, jumlisha mara mbili ya kina kikubwa kabisa, jumlisha sentimita 60 za kukunjia kingoni, fanya vivyo hivyo kwa upana. Bwawa la mita 3 kwa 2 lenye kina cha mita 0.6 litataka turubai la mita 4.8 kwa 3.8. Chini yake weka zulia kuukuu au mchanga laini ili mawe yasilitoboe.

Maji ya bomba yana klorini. Yaache wazi siku moja au mbili itoke, ila fahamu kwamba baadhi ya mamlaka za maji hutumia kloramini, ambayo haitoki kwa kuachwa tu. Hiyo inahitaji dawa yake. Kisha vumilia. Bakteria wanaogeuza amonia ya kinyesi cha samaki kuwa naitraiti, na naitraiti kuwa naitreti isiyo na madhara makubwa, huchukua wiki 4 hadi 6 kuenea. Tia samaki wawili watatu kwanza. Pampu iwe na uwezo wa kuzungusha maji yote ya bwawa ndani ya saa 2, na waya wake upitie kwenye kikata umeme cha usalama cha miliampia 30. Ukiona samaki wanahema juu ya maji alfajiri, oksijeni imepungua: maji ya joto hubeba oksijeni kidogo, na usiku mimea nayo huitumia. Punguza mwani, punguza samaki, au ongeza mrusho wa maji.

Hata lisipokuwa na samaki, weka mteremko wa mawe upande mmoja ili kiumbe kinachotumbukia kiweze kutoka, na mimea ifunike nusu ya uso wa maji. Kivuli hicho ndicho kinachozuia mwani kuliko dawa yoyote ya dukani.

Ukiamua kulipunguza liwe bustani tepetevu

Hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa watu wengi, na ndiyo isiyofikiriwa. Shimo limeshachimbwa, linajua kushika maji. Unachofanya ni kulizuia lisiyashike yote.

Ondoa maji na tope la juu. Kama chini kuna turubai, litoboe sakafuni matundu ya upana wa kidole kila baada ya nusu mita hadi mita moja, kuta usiziguse. Kama ni zege, vunja matundu manne au matano ya upana wa sentimita 30 kwa nyundo na patasi, miwani ikiwa machoni. Tandaza kokoto sentimita 10, kisha udongo uliochanganywa na mboji angalau sentimita 40. Uso wa bustani ubaki chini ya usawa wa kiwanja kwa sentimita 10 hadi 15 ili maji ya mvua yaingie na kunywea.

Jaribu kabla ya kupanda: mwagia maji mengi, uangalie kesho yake na keshokutwa. Yakiwa bado yametuama baada ya saa 48, ongeza matundu, vinginevyo umewajengea mbu kitalu. Panda mafunjo, magimbi ya maua, aina za nyasi za kinamasi zinazoota kwa asili mahali unapoishi. Elekeza bomba la paa pale kama liko karibu. Vyura wengi watabaki, hata bila maji ya wazi.

Ukiamua kulifukia

Rudi kwenye vipimo vyako. Bwawa letu la mfano ni mita za ujazo 9.6, lakini udongo ukishindiliwa hupungua, hivyo tafuta kama 12. Toroli la kawaida hubeba lita 60 hadi 80: hizo ni safari kati ya 150 na 200. Ndiyo maana nilisema andika tarakimu, kwa kuwa watu wengi hubadili mawazo wakifika hapa.

Hamisha kwanza vyote vilivyo hai. Toa maji yote, toa na tope lote, kwa kuwa tope lililofukiwa huendelea kuoza na kudidimia. Toa turubai, mabomba na nyaya. Kisha vunja sakafu. Nasisitiza kwa uchungu wa mtu aliyeiruka hatua hii: zege lililobaki zima chini ya udongo ni bakuli, na bakuli hujaa. Vunja angalau theluthi ya sakafu, na ubomoe kuta mpaka nusu mita chini ya usawa wa ardhi ili mizizi ipite.

Kifusi safi cha zege chaweza kubaki chini. Mbao, majani na takataka za nyumbani visiingie hata kidogo. Jaza udongo kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, kila tabaka ulilowanishe kidogo na kulishindilia kabla ya kuweka lingine. Ukimwaga lote kwa siku moja, pataonekana pamejaa, halafu mvua itapadidimiza na utakuwa na dimbwi jipya. Sentimita 30 za mwisho ziwe udongo mzuri wa juu, na umalizie kwa kupainua kidogo katikati.

Subiri msimu mmoja kamili wa mvua upite kabla ya kupanda mti au kuweka sakafu ya mawe, ujazie patakapobonyea. Usijenge ukuta wala chumba juu yake bila fundi anayejua misingi ya majengo kupakagua. Na siku utakapomaliza, chora mchoro mdogo: bwawa lilikuwa mita ngapi kutoka pembe ya nyumba, lilikuwa na kina gani, umeacha nini chini. Uhifadhi pamoja na hati za nyumba, ili atakayechimba pale miaka ijayo ajue anachimba wapi.